Kilio cha Mama Kwenye Spika za Magofu

Hapana. Hilo ndilo jibu langu kwa kila anayeniuliza kama inafaa kukaa jioni huko Pwani kutazama taa za rangi zikipigwa kwenye kuta za mji wa kale, huku sauti nzito ikisimulia habari za watu waliokufa. Nenda mchana. Mchana mawe ni mawe, na mlinzi wa pale akiwa na moyo mzuri atakuonyesha kisima na msikiti na chumba ambacho watu waliwekea nafaka. Jioni utaonyeshwa uongo wenye stima. Najua nasema kwa hasira. Hasira hii nimekaa nayo kwa miaka mingi na sijaona sababu ya kuipunguza.

Magofu yenyewe sitayataja, maana mawe hayakunikosea. Nitasema yaliyompata mama yangu.

Tulikaa Shauri Moyo, Nairobi, mimi na mama na kaka yangu mdogo, katika chumba kimoja cha nyumba za kanjo, yaani za baraza la jiji. Baba alikuwa ametangulia zamani. Mama aliuza suruali za mitumba katika soko la Gikomba. Akifungua mzigo alichagua kwanza zile zilizokosa vifungo na zipu, akazileta nyumbani, akazishona jioni kwa mkono, kisha akaziuza asubuhi kama si zile. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilikuwa nimepata kazi ya kupiga taipu katika ofisi moja mjini. Kaka yangu alikuwa kibarua katika kiwanda cha sabuni. Alikuwa na miaka ishirini na alipenda kupiga mluzi akipanda ngazi, hata jirani wakajua saa ya kuweka chai motoni.

Aligongwa na gari Jogoo Road asubuhi moja akitoka kazini. Tulimzika nyumbani kwetu magharibi. Huko mama alilia inavyotakiwa, akazunguka boma siku mbili akimwita kwa jina, akimwuliza amemwachia nani. Tuliporudi Nairobi hakulia tena, hata mara moja. Ukuta wetu na wa jirani ulikuwa mwembamba kiasi kwamba tulisikia mtu akigeuka kitandani. Mama alifungua mzigo wake wa suruali, akatafuta zile zisizo na zipu, akaendelea. Mimi nikadhani amepoa. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na tatu na nilidhani najua mambo mengi.

Mama alikuwa kwenye kwaya ya kanisa letu, sauti ya pili. Mimi pia nilikuwemo, na kwa sababu ya ile taipu nilifanywa katibu. Mwalimu wa kwaya alikuwa mtu wa suti ya kijivu, karani wa mahali fulani, mwenye kupenda wakubwa. Kama mwaka mmoja baada ya msiba wetu alituambia kuna bahati imetuangukia. Kuna watu wanatengeneza maonyesho ya taa na sauti katika magofu ya Pwani, na wanatafuta kwaya ya kurekodi. Mtu mmoja aliuliza kwa nini wasitafute watu wa Pwani, maana mji ulikuwa wa Pwani. Mwalimu akacheka. "Ofisi yao iko hapa Nairobi," akasema. "Waende mbali kufanya nini?"

Basi Jumamosi moja tulitembea mpaka mjini, wanawake kumi na wawili na wanaume watano, tukaingia chumba kilichobandikwa trei za mayai ukutani ili sauti isirudi. Nyuma ya kioo alikaa fundi wa mitambo, kijana mpole wa rika langu. Mbele yetu alisimama Mzungu mrefu mwenye shati la khaki, ndiye mkubwa wa kazi. Alizungumza Kiingereza tu, kwa hiyo mwalimu akanisukuma mbele nitafsiri. Nilifurahi. Nisiseme uongo, nilifurahi sana kuonekana.

Kwanza tuliimba bila maneno, midomo imefungwa. Hiyo ilikwenda vizuri. Kisha yule Mzungu akasema sasa anataka kilio. Mji umekufa, wanawake wanauacha, wanalia. Nikawaambia akina mama. Wakatazamana, wakacheka kwa haya, mmoja akajaribu "uuui" kama mtu aliyekanyaga mwiba, wakacheka zaidi. Wakajaribu tena na tena. Mzungu akakunja uso, akatazama saa.

Mama alikuwa hajajaribu. Akanivuta mkono. "Kwetu hatulii kama hakuna maiti," akaniambia. "Kulia bure ni kuita kifo."

Mzungu akaniuliza anasema nini. Ningeweza kumwambia. Kiingereza changu kilitosha. Lakini watu walikuwa wamechoka, mwalimu ananitazama, na mimi nilitaka yule Mzungu aendelee kuniona kuwa msichana anayejua kazi. Nikamgeukia mama nikasema, "Mama, ni mchezo tu. Lia kidogo twende nyumbani."

Mama alinitazama. Akafungua kitambaa cha kichwa, akakifunga kiunoni. Akalia.

Haukuwa mchezo. Alianza chini, karibu na kuongea, kwa lugha yetu, akimsalimia kaka yangu kama mtu aliyekuta mlango umefungwa. Akamwambia shati lake bado liko kwenye kamba. Akamwuliza ni nani atapanda ngazi sasa. Kisha akaliita jina lake, akalipandisha mpaka pale ambapo sauti ya mtu huvunjika, nalo halikuvunjika, akaliita tena na tena. Wanawake wengine walianza kulia naye, kilio cha kweli, kila mmoja na mtu wake. Nyuma ya kioo yule fundi aliinamisha kichwa. Mzungu peke yake ndiye aliyesimama wima, kidole juu ili mtu yeyote asikohoe, macho yanang'aa kama ya mtu aliyeokota kitu barabarani.

Mama alipomaliza, Mzungu akapiga makofi. Peke yake, chumba kizima. Pah, pah, pah.

Mama akachukua kiondo chake akatoka. Tulitembea mpaka tukafika daraja la mto karibu na Gikomba, ndipo akasema, "Ulisema ni mchezo."

Miezi ikapita. Kwaya yetu ikapata majoho mapya, rangi ya damu ya mzee, yenye kola nyeupe. Mwalimu alisema ni baraka. Tuliyavaa tukapendeza.

Mwaka uliofuata kulikuwa na mkutano wa kwaya Mombasa, nasi tukaenda kwa basi la kukodi. Siku ya mwisho mwalimu alisimama mbele ya basi akasema ana zawadi yetu. Jioni ile tungepelekwa kuona maonyesho ya magofu, yale yenye sauti yetu. Wasichana wakapiga vigelegele. Mama alikuwa amekaa dirishani, akauliza tu kama kuna mahali pa kukaa, maana miguu yake ilikuwa imevimba kwa joto.

Palikuwa na mahali pa kukaa. Mbele kulikuwa na viti vya kukunja vya watalii, na meza ndogo za vinywaji na njugu. Nyuma, chini ya miti, kulikuwa na mabenchi. Tukaonyeshwa mabenchi. Sisi ndio tulioimba, na tulikaa nyuma ya watu, tukisikia harufu ya mafuta yao ya mbu. Hata hapo nilikuwa bado sijakasirika. Nilikuwa na hamu.

Giza likaingia, taa zikaanza. Ukuta mmoja ukawa wa buluu, sauti ya mwanamume ikasema kwa Kiingereza ni alfajiri. Nikamnong'onezea mama. Ukuta ukawa wa manjano, ikawa soko, tukasikia mbuzi na watu wakibishana bei. Ukawa mwekundu, ikawa vita. Niseme kweli, kuta zilipendeza. Lakini ile sauti ilinichosha mapema. Ilisema watu wale walikuwa hivi, waliamini hivi, walipenda hivi, kama mtu anayeuza nguo ya marehemu na kukuhakikishia marehemu aliipenda. Hakuna mtu wa pale kijijini aliyesikika akisema neno. Vijiji viko pale pale nyuma ya miti, watu wanapika, watoto wanaoga, na sauti inasema mji huu hauna wenyewe.

Kisha taa zote zikazimwa ikabaki moja nyeupe kwenye mlango uliobomoka. Sauti ikasema mji ulikufa. Nikatafsiri. Ikasema wakazi wake waliondoka na hakuna ajuaye walikwenda wapi. Nikatafsiri. Ikasema, na haya maneno nayakumbuka vizuri, kwamba hakuna hata jina lao moja lililobaki.

Hapo mama yangu akalia kutoka kwenye spika. Zilikuwa spika kubwa, zimefungwa kwenye miti pande zote. Shati liko kwenye kamba. Nani atapanda ngazi. Kisha jina la kaka yangu, jina la kijana wa Shauri Moyo aliyetengeneza sabuni, likapaa juu ya kuta za watu wengine, likarudi, likapaa tena. Mtalii wa mbele yetu alimwonyesha mumewe mkono wake jinsi vinyweleo vilivyosimama. Mwingine akainua kamera. Mtu mmoja aliendelea kutafuna njugu, nami nilimsikia akizitafuna, kru, kru, ndani ya jina la ndugu yangu.

Mama alisimama. Alisimama na joho lake, mikono chini, uso umeelekea ule mlango mweupe. Mlinzi mwenye tochi akaja mbio kwa kunyata. "Mama, keti, wawaziba watu."

"Nitaketi nikimaliza kumsikia," mama akasema.

Akabaki amesimama mpaka mwisho. Watu wakapiga makofi. Zamu hii hawakuwa mmoja.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye meza ya tikiti. Nilimwambia mwanamume aliyekuwa pale kwamba ile sauti ni ya mama yangu, na lile jina ni la ndugu yangu, na ndugu yangu amekufa kweli.

"Pole sana dadangu," akasema, na nadhani alimaanisha. Kisha akaongeza, "Lakini hakuna ajuaye. Wageni huamini ni Kiswahili cha kale."

"Mnaiweka kila siku?"

"Kila jioni, ila mvua ikinyesha."

Nilirudi kwa mwalimu wa kwaya, nikamkuta anaongea na watalii wawili, anacheka kwa meno yote. Nikamvuta kando. Nikamwuliza kama alijua. Alijua. Mama alipotoka kile chumba, yeye alibaki akaweka sahihi kwa niaba yetu sote. Nilimwambia hakuwa na haki ya kutia sahihi juu ya kifo cha nyumba ya mtu. Akaangaza macho huku na huku kuona ni nani anasikia.

"Dada, usiharibu mambo ya kanisa," akasema. "Hayo majoho mnavaa mlidhani yalitoka wapi?"

Nikalitazama joho langu. Nikalitazama la mama, kule kwenye basi, taa ya ndani ikimulika kola yake nyeupe. Usiku ule sikulala, na njia nzima ya kurudi Nairobi nilikuwa nikitunga maneno ya kuwaambia watu. Mama alikaa dirishani. Hakuwa analia, alikuwa ametulia tu. Ningemtazama vizuri ningeona ametulia namna nyingine, lakini nilikuwa na shughuli na hasira yangu.

Niliporudi kazini nilianza kwenda ile ofisi ya kurekodi saa ya chakula cha mchana. Mara ya kwanza mkubwa hayupo. Mara ya pili yuko kwenye mkutano. Mara ya tatu msichana wa mlangoni aliniambia niandike barua, nami nikaandika, kwa mashine ya mwajiri wangu, bila kosa hata moja, wala sikujibiwa. Mara ya nne nilimpata yule fundi mpole amesimama nje anavuta sigara. Alinikumbuka. Nilipomweleza aliitupa sigara kabla haijafika nusu.

"Sikujua ni jina la mtu," akasema. "Nilidhani ni maneno ya wimbo. Haki ya Mungu."

Akaniingiza. Akatoa kanda kubwa, akaipachika, akaicheza. Nikamsikia mama tena, safari hii katika chumba kidogo chenye kikombe cha chai baridi juu ya meza. Fundi akasimamisha kanda pale jina lilipoanzia.

"Unataka nitoe?"

"Toa."

Alichora alama mbili nyeupe kwenye utepe, akachukua wembe, akakata, akaunga ncha kwa selotepu. Akacheza tena. Mama alisalimia, alitaja shati, aliuliza nani atapanda ngazi, kisha wanawake wengine wakaingia na kilio chao. Jina halikuwepo. Pengo lenyewe usingelijua. Alisema nakala mpya ingetumwa Pwani kwa basi la usiku ule, na mkubwa wake hata asingegundua. Nilimshika mkono nikamshukuru. Nilitembea kwenda Shauri Moyo jioni ile kama mtu aliyeshinda kesi.

Mama alikuwa amekaa kitandani anashona zipu ya suruali. Nikamwambia yote, nimesimama, bado nimevaa viatu. Nikamwambia hawatalitaja tena jina la kaka yangu mbele ya wale watu.

Sindano ikasimama.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna aliyenituma, mama. Niliona vile uliumia."

"Uliona wapi?"

"Ulisimama."

"Nilisimama kwa sababu anaitwa." Aliiweka ile suruali kando, akaikunja kwanza, taratibu. "Mimi nitamwita wapi hapa? Nikipandisha sauti, jirani anagonga ukuta. Sokoni nikinyamaza kidogo wananiambia Mama, vumilia. Kanisani wananiambia nimshukuru Mungu. Kule nilisikia jina lake likiitwa kwa nguvu, watu wote kimya. Tangu turudi, jua likizama, najua saa hii anaitwa. Nashona nikijua."

Nikavua viatu.

"Ulinipeleka kulia ukasema ni mchezo," mama akaendelea, sauti ile ile ya chini, na mama yangu akikasirika sauti yake hushuka. "Sasa umeenda kumtoa. Mara ngapi umeniuliza?"

"Mama, walikuwa wanakula njugu."

"Hata kwenye matanga watu hula."

Kisha akasema, "Kesho uende. Ile sehemu waliyotoa, uniletee."

Nilikwenda hata kabla ya kufika kazini. Nilimngoja yule fundi mlangoni. Nilipomwambia ninachotaka, uso wake ulibadilika, akaniingiza akanionyesha pipa la taka chini ya meza. Lilikuwa tupu. Mfagiaji alikuwa amepita jioni. Nikamwuliza kuhusu kanda ya kwanza, ile ya asili. Akasema ndiyo ile ile aliyokata. Nikamwuliza kuhusu nakala iliyokuwa Pwani. Akasema mpya ikifika, ya zamani hurekodiwa kitu kingine juu yake, kanda ni ghali. Pengine tayari.

Nilipiga kelele. Nilipiga kelele katika ofisi ile kwa Kiswahili na kwa Kiingereza na kwa lugha yetu, mpaka msichana wa mlangoni akaita askari, na askari, mzee wa kutoka kwetu kwa lafudhi yake, akanishika kiwiko akanitoa nje akisema, "Twende mama, twende, hapa si mahali." Fundi alibaki amesimama na mikono yake tupu. Hata yeye nilimtukana, na ndiye peke yake katika habari hii yote aliyejaribu kunifanyia nilichoomba.

Mkubwa mwenye shati la khaki sikumwona tena. Alikuwa amepata kazi nyingine ya namna ile katika nchi nyingine, kwenye magofu mengine. Mwalimu wa kwaya aliendelea kuwa mwalimu wa kwaya. Mimi niliacha ukatibu, kisha nikaacha kwaya, na joho langu nililikabidhi kwa mke wa mchungaji likiwa limepigwa pasi. Mama alilivaa lake kila Jumapili mpaka likapauka. Nilipomwuliza anawezaje, alisema ni nguo tu, yeye anauza nguo, anajua kwamba kila nguo ilikuwa ya mtu.

Kuhusu kile kipande cha kanda, sikumwambia ukweli. Nilimwambia wanatafuta. Kwa muda mrefu, karibu mwaka, ilikuwa jioni kama jioni, tunakula au anashona, anainua kichwa ananiuliza, "Wale watu wamepata?" Nami nasema, "Bado, mama, wanatafuta." Anaitikia kwa kichwa, anarudi kwenye zipu yake. Nilikuwa na Kiingereza, nilikuwa na taipu, nilikuwa na mdomo wa kutosha kumfokea kila mtu Nairobi, na sikuwa na sentensi moja ya Kiswahili ya kumwambia mama yangu kwamba jina la mwanawe limefagiwa.

Siku moja akaacha kuuliza. Sijui kama alijua, au alichoka, au alinihurumia. Mimi pia sikumuuliza.